Tangi Lisilo na Mota

Baba yangu mdogo amesuka mota kwa miaka ishirini na minane. Za pampu, za feni, za mashine za kusaga: zinamfikia zimeungua, zinaondoka zikinguruma. Ndiyo maana mtaa ulicheka alipoweka kwenye dirisha la karakana tangi la kioo lisilo na mota hata moja.

"Fundi mzima," alisema mama wa fotokopi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, "umeshindwa hata kulitilia kipampu?"

"Shemeji, nasikia mota asubuhi mpaka jioni. Hapa nataka kitu kinachojiendesha."

Alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya kabati la duka lililovunjwa, akaviunganisha kwa silikoni. Chini aliweka udongo wa bustani, juu yake mchanga, kisha majani ya majini mpaka pakawa kichaka. Hakuna umeme wala chujio. Mwanga wa dirisha unalisha majani, majani yanasafisha maji, konokono wadogo wanakula kinachooza. Nimekaa chuoni miaka mitatu nikisikia maneno marefu yakieleza jambo hilohilo, na wengi wa waliotufundisha hawajawahi hata kulowesha mikono. Inanichoma mtu akisema baba mdogo hakusoma. Hakusoma nini?

Maji yalipokaa wiki sita, mwalimu wa biolojia, mteja wake wa siku nyingi, alimletea uduvi kumi na wawili wa maji baridi, wekundu, warefu kama punje tatu za mchele zilizopangwa mstari. Mmoja, jike, alikuwa amebeba mayai ya manjano chini ya mkia.

"Tunawakaanga lini?" aliuliza mama wa fotokopi.

"Huyu jike mtunze," mwalimu alimwambia baba mdogo. "Mayai yakianguliwa humu, ujue maji yako yamewakubali. Na usitie dawa yenye shaba, itawamaliza."

"Dawa sitii kabisa."

Kesho yake majani mawili matatu yaling'oka yakaelea. Baba mdogo akafanya kile ambacho mikono yake imezoea: akakata waya mwembamba kutoka koili kuukuu ya mota, akaukwangua vanishi iliyoufunika kwa kisu kama anayetaka kuunga, akayafunga majani kwenye jiwe. Kazi safi, mizunguko sawasawa.

Uduvi wakaanza kufa. Leo mmoja, kesho wawili. Akapunguza chakula. Akaziba jua kwa gazeti. Wakaendelea kufa. Siku ya sita nilimkuta ameinama mbele ya kioo, mota ya mteja imelala wazi mezani.

"Jike bado yupo," aliniambia bila kugeuka. "Lakini hapepei tena mayai yake kwa miguu kuyapa hewa."

Mama wa fotokopi alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, mbona konokono wako wanahama? Wote wamepanda juu ya maji, na lile jiwe hakuna anayeligusa."

Baba mdogo akatazama jiwe, kisha vidole vyake mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda.

"Waya," alisema. "Mwalimu alitaja shaba, mimi nikawaza chupa za dawa. Nashika shaba kila siku ya Mungu, nikaenda kuwafungia humo ndani kwa mkono wangu!"

"Tena kwa mizunguko mizuri!" jirani akaangua kicheko.

Baba mdogo alitoa waya wote, akafunga majani upya kwa uzi wa pamba anaofungia koili. Mimi nilishadaka ndoo. "Tumwage maji yote sasa hivi, baba!"

"Punguza moto, mwanangu. Ukibadilisha yote ghafla, waliobaki wanakufa kwa mshtuko."

Akachukua ndoo ya maji yaliyolala siku nzima, akaingiza mpira mwembamba, akaupiga fundo ili maji yatone tu tangini. Siku nne mfululizo yalitona hivyo, huku yale ya zamani akiyachota taratibu kwa kikombe. Konokono wakarudi chini. Uduvi wakabaki wanne, jike mmoja wao, na miguu yake ikaanza tena kupepea.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu, alimwona jike hana yai hata moja.

"Ameyaangusha," alisema.

"Hebu nipishe." Mama wa fotokopi akavaa ile miwani yake ya kusomea maandishi madogo, akabandika pua kwenye kioo. Alikaa hivyo muda mrefu. "Mmoja. Wawili, pale kwenye uzi. Shemeji, hili si vumbi. Vumbi halina miguu!"

Mteja akaingia na pampu begani, anapiga kelele kwamba imeungua tena.

"Shusha sauti," mama wa fotokopi akamkemea. "Humu kuna wachanga."

Baba mdogo alikuwa kwenye bomba la uani, ananawa vumbi la shaba kwa sabuni mpaka viwikoni, ndipo aje awatazame.