Jeti Niliyoikaza Mwenyewe

Nilikuwa na tabia ya kurudia skrubu. Nikishaikaza naondoka, nafika mlangoni, narudi kuikaza tena. Ufundi sikufundishwa na mtu. Niliuokota kwa kuchungulia wenzangu wakifanya kazi, na kwa kitabu kimoja kisicho na jalada ambacho nusu yake sikuielewa. Aliyejifunza kwa fundi hupigwa kofi mkono wake unapozidisha nguvu. Mimi hakuna aliyenipiga, basi mkono wangu haukujua pa kuishia.

Mjomba wangu alikuwa na lori dogo kuukuu hapo nyumbani kwetu Ibadakuli. Kiangazi hicho alipata kazi ya kupeleka mchele na michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwa wapishi wa mgodini Geita. Safari ya kwanza ilipangwa kuwa Jumatatu. Wiki ya kuelekea siku hiyo, lori likaanza kukohoa na kuzimika kila likipanda mlima.

"Uchafu umeziba kabureta," nilimwambia.

Akafunga boneti. "Ukilitengeneza likafika Geita, matunzo yake ni yako. Likikushinda, linarudi kwa mzee."

Mzee ni fundi wa Kizaramo mwenye kibanda mjini, ndiye aliyelihudumia siku zote. Mimi nililitaka lori lile kuliko nilivyotaka kuoa.

Jumamosi asubuhi nikaishusha kabureta, nikamwaga petroli yote, nikaiweka juu ya gunia. Boliti za bakuli lake zilinitoa jasho hadi adhuhuri. Pini ya boya, lile linaloelea ndani ya bakuli, ilitoka baada ya kugongwagongwa kwa msumari, kidogo kidogo, nikiogopa kuipinda. Ikabaki jeti, kile kijiskrubu cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano, mnamopita petroli. Haikutikisika. Niliilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Jumapili nikajaribu tena, bisibisi ikateleza na kula mfereji wa kichwa chake. Nikajaribu tena, ikala zaidi. Vidole vilikuwa vimevimba, mgongo unauma, na nilijua jeti nyingine kama ile haipatikani Shinyanga nzima.

Mjomba akarudi kutoka kanisani, akasimama juu yangu.

"Vipi, mpwa wangu?"

"Jeti imeganda," nikasema. "Mzee aliikaza kupita kiasi."

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Mzee hakuwa na kosa. Miezi mitatu mizima, kila Jumapili mjomba akienda kanisani, mimi nilikuwa nafungua kabureta isiyo na ugonjwa, naifuta, naifunga, narudia kukaza kila skrubu, hata jeti nisiyoifungua. Kila nilichohangaika nacho siku hizo mbili nilikikaza kwa mkono wangu.

Mjomba alipanda baiskeli akaenda mjini, na alasiri akarudi akiwa na mzee, kila mmoja na baiskeli yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nasikia nimekuachia mgonjwa."

"Mzaramo huyu," akasema mjomba, "mikono yake ilizoea kukuna nazi. Nani alimwambia ashike shaba?"

"Na nyinyi Wasukuma mnadhani kila kitu hufungwa kama ng'ombe," mzee akajibu. Wao ni watani, na kwa watani maneno kama hayo ni salamu. Lakini mjomba hakucheka.

"Leo sikutanii. Watu wote niliokuletea kibandani kwako, nitawapitia mmoja mmoja niwaambie wasije kwako tena."

Mzee akavaa miwani, akaiinamisha kabureta upande wa jua. Akaniomba bisibisi yangu. Ncha yake ilikuwa imemeguka pembe moja. Aliiweka kwenye mfereji wa jeti, akanionyesha kwa ukucha. Upande wa kufungulia palikuwa na majeraha yanayong'aa, ya siku hiyo. Upande wa kukazia palikuwa na mengine, meusi, ya zamani, yenye umbo lilelile la pembe iliyomeguka. Mjomba alikuwa nyuma yetu, hakuona.

"Chombo chako kina maneno mengi," mzee akaninong'oneza. Kisha kwa sauti, "Leteni maji ya moto."

Aliinoa bisibisi kwenye jiwe mpaka ikajaa mfereji bila kucheza. Akamimina maji kwenye mwili wa kabureta ili utanuke, akaegemea bisibisi kwa uzito wa kifua. Kwanza akaikaza jeti, unywele tu. Ndipo akairudisha. Ikalia kidogo, ikaachia.

"Kumbe unajua ulivyoifunga," mjomba akasema.

Mzee alikuwa akipuliza tundu la jeti. Alimaliza kupuliza, akanitazama, akangoja.

"Mjomba, mimi ndiye niliyeikaza. Si mzee. Ukienda kanisani nilikuwa naifungua kabureta na kuifunga upya."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Ilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

Nikaiokota bisibisi, nikaifuta kwa suruali.

"Alikuwa anatafuta kosa," mzee akasema. "Amelipata."

Mjomba akamwomba radhi mzee kwa Kisukuma, lugha anayoitumia akiwa na aibu. Mzee aliifunga kabureta mwenyewe, skrubu baada ya skrubu, kwa vidole viwili, mimi nikimpa vifaa.

Jumatatu alfajiri walipakia magunia wakaondoka wawili, mzee amekaa kushoto kwa mjomba. Hakuna aliyeniita. Kutoka kitandani nilisikia injini ikinguruma sawasawa, bila kikohozi, hadi ikapotea upande wa kiwanja cha ndege. Nilijua nimelikosa lori, limerudi kwa mzee, na nilitazamia machozi. Usingizi ukaniwahi. Nililala mpaka saa sita mchana.