Makopo Manane ya Ghorofa ya Sita

"Mwanangu, hao wenye makopo, uliwaona wakiingia chooni?"

Swali hilo niliulizwa na Bi Zuhura, Jumapili moja baada ya kanisa, juu ya paa la ploti moja, jengo la nyumba za kupanga mtaani Pipeline, mbele ya wapangaji karibu hamsini na mbele ya profesa wangu. Mimi ambaye nyumbani huambiwa nina maswali mengi kuliko karani wa sensa, mimi niliyewahi kumuuliza pasta amejuaje, nilisimama na kalamu nyekundu mkononi nikimkodolea macho mama wa watu anayeuza viazi karai pale chini. Aibu ile bado ninayo. Wacha niwaeleze ilivyokuwa, mnicheke mara moja tuyamalize.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamifu (udaktari wangu ni wa vitabu, sijawahi kumdunga mtu sindano) na nimeajiriwa kwenye mradi wa kuchunguza bakteria wasiosikia dawa, wale ambao ukimeza vidonge vya kawaida wao wanaendelea tu na shughuli zao. Tulitaka kujua kama wanahama kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mtu akikubali anatia sahihi, anapewa kopo dogo lenye kifuniko na jina lake, kesho yake analirudisha likiwa na choo chake ndani, nasi tunampa mche wa sabuni kwa asante.

Sasa, ploti ile ina ghorofa saba na ngazi zake ni nyembamba, zina giza mchana kweupe, na nguo mbichi zinakudondokea shingoni ukipanda. Ghorofa ya sita ilikuwa na milango minane iliyotia sahihi, lakini karibu wote wanatoka kwenda kazini alfajiri, kwa hiyo kila nikifika nakuta kufuli mlango baada ya mlango. Nilipanda siku mbili. Siku ya tatu magoti yakakataa, nikafanya uamuzi mdogo sana, wa dakika moja: makopo yote manane nikamwachia Mama Naliaka, ambaye ndiye pekee aliyekuwa nyumbani, abaki na lake, mengine awagawie majirani saba jioni na kuyakusanya asubuhi.

Mama Naliaka alikuwa mwanamke wa upande wa Bungoma, mpole, anayefulia watu nguo, ila wiki zile hakuwa anafua kwa sababu ya binti yake. Naliaka alikuwa na miaka miwili na homa inayokuja na kwenda, na kila akikojoa analia. Akipewa dawa homa inashuka siku tatu, halafu inarudi.

"Daktari, hiki kipimo kitaonyesha kinachomsumbua?" aliniuliza akiwa ameyapakata makopo kama mayai.

Nikamweleza, kwa ule upole tunaofundishwa, kwamba huu ni utafiti, si matibabu, na mtoto apelekwe hospitali.

"Nimempeleka," akasema. "Mara nne."

Nikatazama saa. (Hapo ndipo ningependa mnicheke kidogo tu, kwa sababu hapo hapachekeshi.)

Asubuhi nilikuta makopo manane yamejaa vizuri, vifuniko vimekazwa, nikatoa miche minane ya sabuni nikashuka ngazi nikiimba. Wiki kadhaa baadaye maabara ikaleta majibu, na nusura niruke juu ya meza: milango yote minane ilikuwa na bakteria mmoja, yule yule, anayekataa dawa zile zile. Tukamsoma hadi chembe zake za urithi. Hakukuwa na tofauti, walikuwa kama pacha wanane. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza inawezekanaje watu wanane wasiokula chungu kimoja wafanane matumbo namna hiyo. Mimi, mpinzani wa kila kitu, sikujiuliza, kwa sababu jibu lilikuwa limenipendeza. Nililiona tangi la maji la paani linalolisha ghorofa ile, nikaona makala, nikaona jina langu.

"Una uhakika?" profesa aliniuliza.

"Kabisa."

Basi Jumapili ile tukaitisha mkutano paani kuwarudishia wapangaji majibu. Nilikuwa nimechora ploti nzima kwenye karatasi ya manila, na ghorofa ya sita nimeitia vidoa vinane vyekundu. Sikutaja majina ya watu, ila kidole changu kilinyooka moja kwa moja hadi kwenye tangi, nikasema kwa sauti ya kuhubiri kwamba tunashuku mdudu huyu anashuka na maji.

Barasa, msimamizi wa ploti, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Daktari, usiniharibie kazi! Hilo tangi naliosha kila mwezi!"

"Unaliosha na mate?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na paa likacheka.

Hapo ndipo Bi Zuhura akauliza swali lake. Mara kijana mmoja wa ghorofa ya sita aitwaye Kevo akanyoosha mkono.

"Niaje daktari. Hiyo floo ni yetu, na umesema ni milango yote nane, si ndio?"

"Ndiyo."

"Mi nilisaini, lakini hiyo wiki yote nilikuwa ushago, kule kijijini kwetu, mlango nimefunga. Sasa choo yangu uliitoa wapi?"

Walicheka mpaka kamba za nguo zikatikisika. Mwingine akasema yeye kopo hakuliona hata kwa macho. Kisha Mama Naliaka akasimama, mtoto mgongoni, na kicheko kikapungua chenyewe.

"Ni ya Naliaka," akasema. "Yote nane."

"Alitaka sabuni!" yule wa nyuma akapaza sauti tena. "Sabuni nane!"

Mimi nilibandua manila yangu ukutani, ikachanika katikati, nikabaki na nusu ploti kila mkono.

Aliyenusuru siku ile alikuwa profesa, ambaye yeye ni daktari wa kweli. Aliwapita watu wote akaenda kumshika mtoto paji la uso, akauliza amepewa dawa gani. Mama Naliaka akatoa mfuko wa plastiki wenye karatasi za vidonge na chupa tupu, dawa za aina nne. Profesa akazisoma moja moja, kisha akaniita.

"Bakteria wako anakataa dawa gani?"

Nikazitaja. Zote nne zilikuwa mle mfukoni.

Jumatatu Naliaka alilazwa. Mkojo wake ukapimwa, na aliyekuwa ndani yake ni yule yule wa makopo yangu. Kwa kuwa tayari tulijua ni dawa gani anaisikia, hawakupoteza muda kubahatisha. Akadungwa sindano siku kadhaa, homa ikaondoka na haikurudi. Daktari wa wodi alisema figo zilikuwa zimeanza kuguswa.

Makala yangu yakafa, bila shaka. Nikaandika ripoti, na sehemu ya kueleza kilichoharibika nikaandika kwamba mshiriki mmoja alighushi sampuli kwa ajili ya zawadi. Niliandika hivyo bila kumuuliza mwenyewe. Nililichukua neno la mtu aliyepiga kelele nyuma nikalivalisha tai. Tangu hapo nimeapa: kopo nalipeleka mwenyewe mlango kwa mlango, hata iwe ghorofa ya kumi, na jibu likinipendeza sana ndilo ninalolihoji kwanza.

Zaidi ya mwaka ulipita kabla sijamwona tena Mama Naliaka. Alikuwa amehamia mtaa wa Tassia, na Naliaka alikuwa akikimbizana na watoto wenzake koridoni, akipiga milango ya watu na kukimbia. Nilipokuwa nikinywa chai kwake nikamuuliza, kwa kuchelewa sana, kwa nini alifanya vile. Sabuni, kumbe, aliwagawia majirani siku ile ile, kila mlango na mche wake, na wa Kevo akamwekea hadi aliporudi.

"Siku ile mlangoni," akasema, "ulisema makopo ni mengi, huenda msipime yote, mtachagua machache bila kuangalia majina."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo.

"Basi nikaona, lolote mtakalochagua, liwe la Naliaka."