Niliwauliza watu wa Werugha wangetoa siku ngapi kwa chemchemi. Jumamosi wakaja na majembe.

Wakuu, hamjambo humu ndani. Chukueni chai kabisa, hii stori si fupi.

Sitatia chumvi. Pale nilipokosea nitasema nilikosea, na nilikosea pakubwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Voi, nafundisha Jiografia na Biashara. Kwetu ni Werugha, kule juu kwenye baridi, na mama yangu bado anaishi huko na ng'ombe wake wawili na kabeji zake kwenye matuta.

Miaka minne iliyopita nilijiandikisha masters ya environmental economics kwa distance learning, chuo cha nje. Kwa lugha rahisi, ni somo la kupima vitu ambavyo havina bei sokoni vina thamani gani kwa watu. Msitu, maji, hewa safi, vitu kama hivyo.

Najua kuna wale wa kusema distance learning ni kununua cheti. Nyinyi mniache kabisa. Nimesoma hesabu za discount rate na rundo la daftari za Form Two limenikodolea macho. Nimesikiliza lecture kwenye simu nikikoroga uji. Nimelia staffroom mbele ya deputy kwa sababu ya equation moja. Cheti cha kununua hakimlizi mtu hivyo.

Haya, turudi.

Thesis yangu ilikuwa juu ya chemchemi ya kijijini kwetu. Maji yanapungua, tope limejaa, ng'ombe wanakanyaga palepale watu wanapoteka. Nilitaka kupima wenyeji wanaithamini kiasi gani.

Wengi huuliza, "Ungelipa shilingi ngapi?" Lakini mimi nawajua watu wetu. Ukitaja pesa tu, unaonekana umetumwa. Kwa hivyo nikauliza siku za kazi: ungekuwa tayari kutoa siku ngapi kwa mwezi kuitunza chemchemi hii?

Supavaiza wangu, nitamwita Dokta, mtu ambaye sijawahi kumwona ila kwenye skrini, alilipenda sana swali hilo. Akaniongezea ushauri mmoja. Swali lisielee hewani. Mtu apewe kazi yenyewe, mahali, siku na saa, ndipo atajibu kwa uzito.

Mimi na kimbelembele changu nikaandika hivi: Tuseme kuna mradi wa kutoa tope na kuzungusha ua. Mradi unaleta waya, wenyeji wanaleta nguvu. Kazi inaanza Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa mwezi wa nane, saa moja asubuhi, hapo chemchemi.

Kwa nini Jumamosi hiyo? Ndiyo iliyonijia kichwani tu. Mwalimu huhesabu maisha yake kwa siku za kufunga shule.

Likizo ya Aprili nikapanda Werugha, nikazunguka nyumba sitini na mbili. Mama alinisindikiza karibu kila mlango. "Huyu ni wangu, msaidieni," alikuwa akisema. Yeye ni katibu wa akina mama kanisani, neno lake linasikika.

Kila mtu nilimsomea swali, nikaandika idadi yake ya siku akiona, halafu nikampa kalamu atie sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Ni sheria ya chuo. Sikuwaza hata kidogo kwamba kwa idadi ya siku na sahihi chini yake, kwetu sisi, mtu ameshatoa ahadi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nyanya Mkawasi. Manyunyu yananipiga, viatu vimejaa matope, njaa imenishika. Akanipa chai, akasikiliza swali lote mpaka mwisho, akasema, "Sitaji."

Nikarudia swali polepole.

"Mjukuu wangu, nimesikia. Andika unavyotaka. Mimi siku sitaji."

Nikaandika sifuri. Akabonyeza dole gumba kwenye fomu, nikaondoka nikinung'unika kwamba huyu bibi ni mgumu.

Wengine wanne pia walikataa kutaja. Dokta akaniambia hao wanaitwa protest zeros, yaani watu wanaolikataa swali lenyewe, na kawaida huondolewa kwenye hesabu. Nikawaondoa wote watano. Delete, delete. Matokeo yakatoka masafi mpaka nikajipigia makofi.

Miezi ikapita. Email ya viva ikaja, yaani ule utetezi wa mwisho mbele ya watahini. Online, Jumamosi, saa tano asubuhi saa za kwetu. Wanafunzi wa mbali hupewa Jumamosi kwa sababu wengi tuko kazini. Mimi nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili, na email ilisema wazi kwamba nisipotokea, usajili wangu unafungwa.

Je, nililinganisha hiyo Jumamosi na ile niliyoiandika kwenye swali langu? Wapi!

Siku yenyewe niliamka mapema hapa Voi. Blauzi nimepiga pasi, chini nimejifunga leso, maana kamera haifiki huko. Bundles zimejaa, laptop imechajiwa.

Saa moja na robo simu ikalia. Mama.

"Watu wako wamefika."

"Watu gani, mama?"

"Watu wa zile siku zako. Wako hapa chemchemi na majembe. Wanauliza waya iko wapi."

Nilikaa chini kwenye sakafu.

Kabla sijajibu, mwenyekiti wa kamati ya maji akachukua simu. "Mwalimu, sisi tumetimiza. Wewe uko wapi?"

"Niko Voi, mzee."

"Voi unafanya nini?"

Akaendelea bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Hapa tumeandikwa na watu wengi. Wanakuja na makaratasi, wanaenda, hatuwaoni tena. Wewe tulikukubali kwa sababu ya mama yako." Akakata.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikibaki Voi, nitapata masters yangu na mama atabaki na aibu yangu kanisani, sokoni, kila mahali. Nikipanda Werugha, mtandao ukikataa, miaka minne imekwenda na maji.

Nikapiga simu chuoni, haikushikwa. Nikamwandikia Dokta. Akajibu baada ya dakika kumi: kikao hakiwezi kusogezwa, uwe online dakika kumi kabla, kila la heri.

Jirani yangu Musyoka, muuza mitumba, ana Probox. Nikamgongea mlango nimekumbatia laptop. Aliniangalia usoni akasema, "Ingia gari, utanieleza njiani." Saa mbili kasoro tukawa barabarani. Leso sikukumbuka kubadilisha.

Mpaka Mwatate mtandao ulikuwa sawa. Tulipopita Wundanyi ukungu ukatufunika, na simu ikaanza kuonyesha kimstari kimoja, halafu hakuna kitu. Nilikuwa naiangalia kila dakika. Musyoka akaniambia niiweke mfukoni kabla sijaipasua.

Tulifika saa nne kasoro.

Watu kama arobaini wameketi ukingoni, majembe magotini. Hakuna aliyenisalimia. Mama alikuwa amesimama peke yake upande mwingine, mikono ameikunja. Na hao ndio watu waliokuwa wakimwita kila Jumapili aje akae nao. Hapo roho iliniuma kuliko yote.

Nikasema kweli. Nilijua nikizungusha maneno nitazama zaidi.

"Hakuna mradi. Hakuna waya. Lile lilikuwa swali la masomo yangu. Nilisema 'tuseme', lakini sikuwaeleza vizuri, na kosa ni langu. Mama yangu hakujua chochote."

"Masomo?" mwenyekiti akauliza. "Sisi tumeacha kukamua ng'ombe, kumbe ni masomo?"

"Na ile sahihi yangu ilikuwa ya nini?" mama mmoja akadakia. Akasimama, akakung'uta sketi, akaanza kuondoka. Wawili wakamfuata.

Mama akainamisha kichwa. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini.

Ndipo nikasikia jembe.

Lilikuwa likilia huko chini muda wote, ila kwa hofu yangu sikulisikia. Nyanya Mkawasi alikuwa ndani ya tope mpaka magotini. Alikuwa hajaketi na wengine hata kidogo.

"Hili tope nalo linangoja waya?" akauliza, wala hakuinua kichwa.

Mtu akacheka. Halafu wengine. Yule mama wa sketi akasimama, akageuka. Mwenyekiti akavua koti, akalitundika kwenye mti, akaninyooshea kidole. "Ya waya tutaongea mimi na wewe. Leo tunatoa tope."

Wakaingia kazini. Mimi nikateremka na blauzi yangu ya pasi.

"Nyanya, si wewe uliniambia sifuri?"

"Nani? Mimi nilikwambia sitaji." Akafuta jasho kwa mkono wenye tope. "Nikikutajia siku mbili, ile ya tatu nikikuta pamejaa tope, nimwachie nani?"

Mama, ambaye sasa alikuwa nyuma yangu, akasema taratibu, "Huja kila wiki. Tangu wewe unanyonya. Ulidhani hapa panajisafisha?"

Wakuu, nimekunywa maji ya pale utoto wangu wote. Sikuwahi kujiuliza.

Saa tano kasoro kumi nilikuwa juu ya tangi la maji lililo karibu na chemchemi, mahali pekee palipokuwa na mistari miwili ya mtandao. Laptop kwenye mfuniko, simu imewasha hotspot, Musyoka ameshikilia mwavuli kwa sababu ya manyunyu. Kikao kikafunguka, kikaganda, kikafunguka tena. Nyuso tatu: Dokta na watahini wawili.

Nikaeleza kazi yangu dakika ishirini, majembe yakisikika nyuma. Yote yalikwenda vizuri. Dokta alikuwa akitabasamu.

Kisha mtahini wa nje akauliza, kwa upole kabisa, "Hawa watano uliowaondoa, uliwaondoa kwa sababu gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikariri, na vitabu vya kulitetea nilikuwa navyo. Sentensi moja tu na nimepita.

Lakini kutoka juu ya lile tangi nilikuwa nawaona. Kati ya watano niliowafuta, wanne walikuwa ndani ya tope. Mjomba wangu mwenyewe, aliyeniapia siku sita kwa mwezi na nikamweka kwenye hesabu, hakuwepo.

Nikasema, "Niliwaondoa kimakosa. Nilidhani wanalikataa swali, kumbe sikuwaelewa."

Dokta akafumba macho.

Nikaeleza yote, ile Jumamosi, waya, mpaka jibu la Nyanya Mkawasi.

Watahini wakanitoa nje ya kikao, wakanirudisha. Nimepita, lakini kwa marekebisho makubwa. Nirudie uchambuzi wote, nina miezi sita. Graduation ya mwaka huu nimeikosa. Baadaye Dokta aliniandikia kwamba ningetoa lile jibu la vitabuni ningepewa marekebisho madogo tu, na sasa hivi ningekuwa nashona gauni.

Nililia pale juu ya tangi, nikajifuta na leso. Sioni aibu kuwaambia. Halafu nikashuka nikaomba jembe. Mama ndiye aliyenipa la kwake.

Nilichojifunza? Ukienda kuuliza watu swali, usiende na kisanduku ambacho jibu lao haliwezi kuingia, halafu uwalaumu wao. Na kama unasoma distance learning ukiwa umejifungia na laptop, jua wale unaowaandika wana majina na wanajua nyumbani kwenu.

Waya bado tunatafuta, mwenyekiti ananipigia kila wiki. Tope lilitoka lote.

Thesis naikabidhi mwisho wa mwezi huu. Wale wanne wengine walikubali kutaja nilipowaeleza upya, na nimerudia kila kitu isipokuwa mstari mmoja. Programu ya kompyuta inataka nambari kwa kila mtu, na Nyanya Mkawasi hana nambari. Nilirudi kumuuliza. Alinipa chai, akataka kujua kama bado sijamaliza shule.

Kisanduku chake kiko wazi mpaka sasa hivi ninapoandika. Wa hesabu na wasio wa hesabu, nisaidieni, mtu kama huyu anaandikwaje?

Ila atakayeniambia niandike sifuri, tukutane Werugha Jumamosi, saa moja asubuhi, pale chemchemi. Aje na jembe.