Nilivyomshika Mama Mkwe Mkono Nikitafuta Waya

Haya, chekeni sasa mmalize, kwa sababu najua nusu ya hii habari mmeisikia pale kwa watu wa bodaboda na hiyo nusu yenyewe imetiwa chumvi (hakuna aliyezimia, na mimi sikulia, yale machozi yalikuwa ya vumbi), na kama ni aibu nimeshaimeza ikashuka, kwa hivyo wacha niwaambie mimi mwenyewe, Lutomia, vile ilikuwa, ndiyo mjue mahali pa kucheka na mahali pa kunionea huruma.

Mambo yote yalianzia kwa neno moja. Siku ile nilienda kwa kina Muhonja huko Lurambi kujitambulisha, tukawekewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mimi nimevaa koti la kuazima linalonibana kwapani, na babake akaniangalia, akanyoosha miguu, akauliza, "Sasa wewe kijana unafanyanga kazi gani?" Kazi yangu mnaijua, ni kukaa chini ya mwavuli karibu na soko nikisajili laini za simu na kubandika vioo. Sasa niambieni, ukiwa mbele ya baba ya msichana unayempenda mpaka unakosa usingizi, hilo neno "mwavuli" linatokaje mdomoni? Nikasema, "Mzee, mimi ni mtu wa netiwaki." Na si uongo! Laini bila netiwaki ni nini, si ni kadi tu?

Mzee akaacha tonge hewani. "Netiwaki! Mungu ni mkubwa! Mama yenu ana shida ya netiwaki pale saiba yake."

Kumbe mama yake Muhonja ana saiba pale barabarani, kompyuta kadhaa zimejipanga vizuri, lakini intaneti inashika kwa moja tu, hizo zingine ni za kupiga chapa na kucheza karata, na watoto wanaotafuta vyuo wanapanga foleni kwa ile moja mpaka wanagombana. Mtu alikuwa amemletea habu (kale kasanduku kenye matundu, unaingiza waya mmoja wa intaneti halafu kila kompyuta inachomekewa waya wake hapo, zote zinakunywa kwa mfereji mmoja), lakini hakuna aliyejua kuifunga, imekaa juu ya kabati. Mzee akasema, "Utakuja utufungie. Kazi yako tukiiona, wazee wenu wakikuja Jumamosi tutaongea vizuri."

Muhonja alinikanyaga chini ya meza. Alikanyaga kwa nguvu! Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Mzee, hiyo ni kitu kidogo."

Mmeona? Mtu anaingia shimoni mwenyewe, anatembea, hasukumwi na mtu. Kwa sababu kama ningefunga hiyo kitu vizuri, Jumamosi mahari ingezungumzwa na Muhonja ningepewa, na nikiharibu, basi, wazee wangu wangekunywa chai ya huko na kurudi nayo tumboni bila jibu. Nikajaribu kusoma kupitia video kwenye simu, na bando likaisha (mimi, muuza laini, bando likaniishia) wakati yule fundi wa kwenye video ndiyo kwanza anatoa habu kwenye boksi.

Siku ya kufunga habu ikafika. Sasa kuna hii desturi yetu, na ndiyo iliniua. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaangaliani machoni, hawakai chumba kimoja, akitokea huku wewe unapitia kule nyuma ya migomba. Kwa hivyo ikapangwa hivi: Mama akae mbele na wateja wake, mimi niingie stoo ya nyuma kupitia uani, kwa sababu waya wa intaneti kutoka nje unaingilia hapo stoo, na katikati yetu ni ukuta wenye tundu moja la bomba la zamani la maji, tundu la kupitisha mkono. Nyaya zingepitia hapo, nikisukuma, Mama anapokea, anachomeka kwa kompyuta. Muhonja alikuwa wa kupeleka maneno huku na huku, "Mama anasema ifuate hii nyeupe," "Lutomia anasema vuta kidogo," anazunguka nje kila mara mpaka viatu vikajaa matope.

Na mtashangaa, ile kitu ilikubali! Niliketi juu ya gunia la mahindi, nikachomeka waya wa intaneti, nikachomeka hizi za kompyuta, taa za kijani zikawaka moja moja, na huko mbele nikasikia kelele. "Imeshika!" Msichana mmoja aliyekuwa anaomba chuo akapiga makofi, "Fomu yangu imefunguka!" Na kupitia lile tundu nikasikia sauti ya Mama mwenyewe ikisema polepole, "Kumbe huyu mtoto ana akili." Jameni! Nilifura. Muhonja alicheka, akasema anaenda kununua soda tusherehekee, akaondoka.

Kama ningetoka pale wakati huo, leo ningekuwa mtu.

Lakini palikuwa pamebaki waya mmoja mfupi na matundu mawili kwenye habu yakiwa wazi. Mimi nimelelewa Mautuma, kwa watu wa kulima, na baba yangu akifungua jembe la ng'ombe kulitengeneza halafu nati moja ibaki, anafungua tena lote, kwa sababu kwetu kitu kikibaki mkononi ujue kuna mahali hujafunga. Ule waya ukanikera. Nikauangalia, ukaniangalia. Nikachukua ncha moja nikachomeka tundu hili, nikachukua ncha ya pili nikachomeka tundu lile, habu ile ile. Ikapendeza. Na taa zote zikaanza kupepesa kwa pamoja, pepe pepe pepe pepe, haraka haraka, na mimi nikafikiri imefurahi.

Huko mbele viti vikakwaruza sakafu. Halafu nikasikia, "Imepotea!" Mwingine, "Hata hii!" Halafu yule msichana, na sauti imeshapanda juu, "Fomu yangu woyee! Nilikuwa nimefika jina la mama!"

Muhonja hayuko. Tumebaki mimi na Mama na ukuta. Na hakuna kuitana, mtu anaanzaje kumpigia mama mkwe kelele kupitia tundu la bomba? Basi nikasikia Mama anaongea, lakini si na mimi, anaongea na ukuta. "Kama kuna mtu huko," akasema, "angejua netiwaki imepotea."

Nikageukia gunia la mahindi, nikalijibu kwa heshima. "Kama kuna mtu huko mbele, aambiwe inatengenezwa."

"Watu wanauliza itachukua muda gani."

"Gunia," nikasema, "waambie ni kidogo tu."

Sasa akili yangu (hiyo Mama alikuwa amesifu) ikaniambia kosa haliko kwa habu, habu inawaka vizuri mpaka inacheza, kosa liko kwa nyaya, zimebanwa ndani ya tundu. Nikasema nitazivuta. Nikavuta, zikakataa. Nikaingiza mkono kwenye tundu, nikapapasa, nikasukuma bega, mkono ukapita mpaka kiwiko, vidole vikatokea upande wa pili. Na kumbe Mama naye, kwa sababu ni mama anayependa mambo yakiwa sawa, alikuwa ameona nyaya zimejikunja na ameingiza vidole azinyooshe. Mimi nikagusa kitu. Kina joto. Nikajiambia waya ikifanya kazi sana inapatanga moto. Nikashika nikavuta.

Kikavuta nyuma.

Nikavuta kwa nguvu za kukama ng'ombe mkaidi. Nacho kikavuta, na kikapiga nduru! "Uwiii! Mkwe amenishika! Mkwe amenishika mkono!"

Wenzangu, nilitaka kufa hapo hapo, nizikwe na habu. Mama akajivuta kwa mara ya mwisho na yule mama ana nguvu, amevuna miwa tangu usichana wake, akanivuta mpaka kiwiko kikapita tundu na kukwama upande wake, halafu akachomoka akakimbilia barabarani bila kiatu kimoja. Na mimi nikabaki nimebandikwa ukutani, shavu kwenye matope ya ukuta, mkono uko saiba na mwili uko stoo. Kwa wateja, jameni, hawakuona mkwe. Waliona mkono unatoka ukutani unapunga hewani. Wakatoka wote mbio. Mmoja alirudi, lakini alirudi kupiga picha.

Muhonja akafika na chupa za soda. Akasimama mlangoni pa stoo, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka mahali mkono unapotelea. Akaangalia habu, akaona ule waya mfupi.

"Hii inatoka wapi?" akauliza.

"Hapa kwa habu."

"Inaenda wapi?"

"Inaenda... hapo kwa habu."

"Kwa hivyo inaenda wapi, Lutomia?"

Nikamwambia inazunguka, netiwaki inajikimbiza humo humo bila kutoka. Akaichomoa. Na huko mbele, saiba ambayo haina mtu, nikasikia mlio, ting, ting, ting, kompyuta zimepata netiwaki zenyewe, na yule msichana wa fomu akachungulia kutoka barabarani, akaona skrini yake, akaingia kinyumenyume akiepa mkono wangu na kuendelea kuandika jina la mama.

Aliyekuja kunitoa ni Mzee mwenyewe. Aliingia huko mbele, nikasikia viatu vyake vinatembea polepole, vikasimama. Halafu akaushika mkono wangu, akausalimia! "Habari yako, mkwe," akasema, akautikisa vizuri kabisa. Nikajibu nikiwa stoo, "Mzuri, Mzee, shikamoo." Akaitisha maji na sabuni ya kipande, akauosha mpaka kiwiko kama mtu anayenawishwa kabla ya chakula, huku anaguna, na ukateleza ukatoka. Hakuniambia neno lingine. Nilirudi nyumbani nikijua Mzee hatanipa tena Muhonja.

Jumamosi wazee wetu walienda, lakini walienda kama watu wanaoenda matanga. Baba Mdogo, ndiye msemaji wetu, alikuwa amejiandaa kutozwa kondoo wa kuosha ule mkono wa Mama, na njiani alinitukana kutoka Mautuma mpaka Lurambi bila kupumzika. Tukakaribishwa, tukakaa. Mimi niliwekwa kwa kona, macho sakafuni. Mzee akasema kabla ya jambo lolote kuzungumzwa, mama wa nyumba ana swali, na kwa sababu hawezi kuingia mahali mkwe amekaa, swali litaletwa na Senje, yaani shangazi yake Muhonja.

Senje akatoka jikoni akasimama katikati, mikono kiunoni. "Mama anauliza hivi. Siku ile kijana alipomshika mkono, na yeye akapiga nduru, kijana aliachilia?"

Nyumba nzima ikageuka kunitazama. Baba Mdogo alifunga macho. Sasa ningesema nini, na mji mzima umeona picha? Nikasema, "Hapana, Senje. Sikuachilia." Sauti yenyewe ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Senje akarudi jikoni. Tukangoja. Tukasikia wanawake wananong'ona, kisha mmoja akacheka. Mimi hapo nilikuwa nimeshaanza kumlilia Muhonja ndani kwa ndani, nikimuona anaolewa na mtu mwingine, mtu wa maana, anayejua waya inaenda wapi.

Senje akarudi. "Mama anasema nyumba hii imeletewa vijana. Wengine walikuja na suti, wengine na magari, na wote wakisikia kelele kidogo tu walimwachilia mtoto wetu wakaenda. Anasema huyu alipigiwa nduru, akavutwa, watu wakatoroka wote, na bado alishikilia. Anasema mtu akishika namna hiyo, haachilii mke. Kondoo hataki. Mpeni mtoto."

Vigelegele vikapasuka huko jikoni, Baba Mdogo akaruka akanikumbatia (yeye aliyenitukana njia nzima!), na mimi nililia hapo hapo mbele ya wazee, na hayo hayakuwa ya vumbi.

Kwa hivyo nimepata mke, lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba kuanzia siku ile neno "hiyo ni kitu kidogo" halitoki tena mdomoni mwangu, hata nikiulizwa kama najua kumenya ndizi. Na habu sitaigusa. Waya ikibaki, ibaki.

Ila hapa tuko wenyewe, na mkimwambia Mama mkwe mimi na nyinyi tumekosana. Mimi nilitaka kuachilia! Nilipigania kuachilia, ningeweza ningekimbia mpaka Mautuma bila viatu. Ni waya mmoja wa mle tunduni ulikuwa umejizungusha vidoleni mwangu, umevifunga juu ya mkono wake. Muhonja peke yake ndiye anajua, kwa sababu baada ya Mzee kunitoa ukutani ndiye alikaa na mimi juu ya gunia akinifungua kidole kimoja kimoja, akimaliza kila kimoja anakibusu na kucheka, na alipofungua cha mwisho aliniangalia machoni akasema, "Sikiliza. Mtu akikuuliza, wewe ulishika."