Mayai ya Wake Wenza

Nilipokuwa mtoto pale Tindiga, mdomo wangu ulikuwa ukifika kisimani kabla ya ndoo yangu. Sifichi, hata leo jirani akikohoa mara mbili napenda kujua kisa. Lakini upo umbea mmoja ambao kila nikiukumbuka natamani siku ile ningekuwa bubu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na wanaume wengi wa kwetu walikwenda kukata mkonge kwenye shamba la Mzungu. Nyuma ya nyumba ya jirani yetu, Mama Sikudhani, ulikuwepo mkuyu mkubwa ukingoni mwa majaruba ya mpunga. Tawi lake moja lilioza likaacha shimo, na kila masika bata wa mwituni walitaga humo. Dume la bata hao lina kinundu juu ya mdomo, na hutembea na majike wawili watatu kama jumbe. Majike wote hutaga shimo moja. Huyu anakuja asubuhi, anataga, anakwenda zake. Kesho yake mwingine. Mwisho mmoja tu ndiye huyaatamia yote.

Bibi yangu alikuwa akituonya: "Yale ni mayai ya wake wenza. Mwanamke akiyala, amemwita mwenza nyumbani kwake." Basi hata mwaka wa njaa hakuna aliyethubutu.

Masika yale mpunga ulikuwa bado mbichi na ghala tupu. Mume wa Mama Sikudhani alikuwa mkongeni miezi mingi, haleti wala haagizi. Asubuhi moja mama yule, ambaye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, akaniita.

"Wewe si nyani wewe? Hebu panda uniangalizie kama yamo."

Nikapanda. Nilipotia mkono, kitu kikanifokea humo ndani, ssss! Nikajua ni koboko, ikabaki kidogo niporomoke. Kumbe bata, akanipiga bawa la uso akatoka. Juu ya majani makavu na manyoya laini mayai yamejaa, meupe yanang'aa, mengi kuliko vidole vyangu vyote. Mengine ya vuguvugu, mengine baridi. Nikateremsha sita.

"Na mwenza je?" nikamuuliza.

"Mwenza gani! Mume mwenyewe simwoni, huyo mwenza aje tugawane nini, njaa?" Tukacheka mpaka mwanawe Sikudhani akaja kutazama.

Akayachemsha. Wao wawili wakala, na mimi akanipa moja. "Kula, halafu ufunge mdomo."

"Sisemi, haki ya Mungu."

Nilijitahidi siku mbili. Siku ya tatu kisimani wasichana wakubwa walikuwa wakizungumza mambo yao, kila nikifungua mdomo wananisukuma. Nikasema kwa sauti: "Mimi namjua aliyekula mayai ya mkuyuni." Ndoo zote zikawekwa chini. Ee, utamu wa ukimya ule! Nikamtaja Mama Sikudhani. La kwangu sikulitaja.

Neno halina miguu lakini lilifika hadi kambi ya mkonge. Haikupita muda Baba Sikudhani akarudi, na nyuma yake mwanamke kajitwika sanduku la bati. Baadaye sana nilikuja kusikia kwamba walikuwa wakiishi pamoja kambini tangu mwaka uliotangulia.

Mama Sikudhani akasimama mlangoni. "Huyu nani?"

"Unaniuliza mimi?" mume akajibu, tumejaa uani tunasikiliza. "Si wewe uliyekula mayai? Umemwita mwenyewe, mpokee."

Watu wakatikisa vichwa. Bibi yangu akasema taratibu, "Nilisema." Mzee mmoja aliyekuwa amefungua kinywa amkemee yule bwana akakifunga. Bwana yule asingekuwa na lile neno la mayai, angelazimika kujieleza. Neno nilimpa mimi.

Siku ya tatu Mama Sikudhani akafunga kanga zake kwenda kwao Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya Wazungu. Mtoto akazuiwa na baba yake. Alipopita uani kwetu nilikuwa napeta.

"Shikamoo," nikasema, macho kwenye ungo.

"Marahaba, mwanangu." Akaweka sawa mzigo wake kichwani. "Kumbe yai moja halijazi mdomo."

Akaenda zake. Hakurudi tena.

Mayai yaliyobaki yalianguliwa. Vifaranga walijirusha chini mmoja mmoja kama makuyu mabivu, na jike mmoja akawaongoza wote majarubani, hakuuliza yupi wa nani. Sikudhani naye alilelewa na yule wa sanduku la bati, na sikusikia kwamba alimnyima chakula. Ila mimi hakunisogelea tena tucheze.

Nami yai lile nililila. Mume wangu, Mungu amrehemu, nimezeeka naye hadi nikamzika, na mwenza sikumwona hata kivuli. Wenzangu nikiwahadithia hucheka, husema bibi yako alikuwa akiwatisha bure. Mimi sicheki. Mayai yale yangekuwa na nguvu, lawama ningewaachia bata.