Habari Zimfikie Fundi Zakaria

Nakumbuka mchana mmoja wa masika pale Karatu, mwanangu, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka kwenye mabati ya maduka, nami nimekaa mbele ya redio ya shangazi yangu, kidole kiko juu ya kitufe cha kurekodi. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nywele nimezichana vizuri, najiona wa mjini kuliko waliozaliwa mjini.

Nikueleze kwanza hiyo redio, maana ninyi muziki wenu unakaa mfukoni. Juu ilikuwa na mahali pa kuweka CD, mbele ilikuwa na milango miwili ya kaseti, na kila upande spika kubwa. Shangazi alikuwa ametoka Marangu kuja kutafuta maisha Karatu, akafungua duka la vitenge mbele ya nyumba yake. Redio aliinunua Arusha, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na toka siku hiyo hakuigusa tena. Mtambo ukawa wangu. Nilijua kuuhamisha kutoka redio kwenda kaseti au CD, nilijua kunakili kaseti, na nilijua kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili wimbo wa redioni ubaki kwangu. Vijana wa mtaa waliniita DJ, nami niliitika bila aibu.

Siku hizo simu zilikuwa chache. Mtu akifariki mbali, ndugu walipeleka tangazo redioni, na matangazo ya vifo yakianza hata wauza nyanya sokoni walinyamaza. Baada yake ulikuja muziki. Mimi niliachia kaseti ianze kurekodi wakati wa matangazo, ili mwanzo wa wimbo usinipite. Maneno ya msiba nilikuwa nayafuta baadaye. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, sikufichi.

Basi mchana ule mtangazaji akasoma: Bwana Yohana Mbwambo wa Same anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Kisha akasema, "Habari zimfikie Zakaria Mbwambo, fundi wa nguo, Karatu."

Fundi Zakaria! Cherehani yake ilikuwa barazani kwetu. Alikuwa Mpare mpole, mtu mzima, na kila mwisho wa mwaka alikwenda kumwona mama yake milimani. Siku hiyo alikuwa amepanda gari kwenda Oldeani kupeleka sare za shule, hakuwapo kusikia.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Si kwa ajili ya kifo, hapana. Nilifurahi kwamba nimerekodi. Nikarudisha kaseti nyuma mpaka mwanzo wa tangazo lile, nikaiacha tayari ndani ya mtambo. Nilisema fundi akirudi nitamwita, nitambonyezea, asikie mwenyewe kwa sauti safi. Nilidhani ndiyo huruma hiyo.

Nikakimbilia dukani kumwambia shangazi habari za msiba. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Yesu wangu," kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia sijamwambia mtu. Akaniagiza nikamwite mzee wa kanisa na mke wa fundi, upesi, kabla mwenyewe hajarudi. Habari ya kaseti sikuwahi kuisema, maana hapo hapo gari la Oldeani lilisimama, na fundi akashuka, matope mpaka magotini.

"Shikamoo mama. Barabara imetutesa leo!" alisema, akapita moja kwa moja hadi sebuleni kama alivyozoea. "Wacha niwashe redio. Mchana matangazo yamenipita, labda watarudia."

Akawasha. Muziki ulikuwa unaishia. Shangazi aliyekuwa haigusi redio ile alimpita fundi kama anayekwenda kupanga vikombe, akabonyeza kitufe cha kaseti. Alidhani ndani kuna kaseti ya kwaya, akataka iimbe, fundi asisikie lolote hadi watu wake wafike.

Kaseti ikazunguka. "Bwana Yohana Mbwambo wa..."

Sijui niliruka vipi. Nilichojua ni kwamba nimeshika waya wa umeme wa redio mkononi na sebule imekuwa kimya.

"Umeme umekatika?" fundi aliuliza.

"Umekatika," shangazi alisema. "Kaa, Zakaria. Unywe chai kwanza."

Taa ya dukani ilikuwa inawaka, mwanangu. Fundi aliitazama, akanitazama mimi na waya wangu, halafu akakaa. Alikunywa chai polepole sana, na ndizi alizoletewa akazila. Nikatoka mbio. Niliporudi na mzee wa kanisa na mke wa fundi, mke alikaa ubavuni pa mumewe, mzee akasogeza kiti, na shangazi akamshika fundi mkono ndipo akamwambia. Fundi alilia kama mtoto. Nami nililia, kwa kuona jinsi nilivyokaribia kumtupia jambo kubwa namna ile kwa kubonyeza kidole.

Shangazi hakunipiga wala hakunifokea, na afadhali angefoka. Aliniambia, "Baba, una kiherehere. Redio ilisema habari zimfikie. Haikusema zimwangukie."

Wiki zilizofuata, fundi aliporudi kutoka mazishini, alinikuta barazani nikiwa nimeinamisha uso. Akaniambia, "Taa niliiona, DJ. Na jina la kaka yangu nililisikia. Nikajua ndani ya nyumba hii kuna jambo langu. Lakini nilipoona mnanitengea chai, nikasema moyoni, hawa watanishika. Nikainywa taratibu, maana nilijua nikiimaliza nitakuwa yatima."

Sijawahi kusahau maneno hayo.

Juzi, mwanangu, nilikuona umepokea habari ya jirani yetu kufariki, na kabla binti yake hajashuka kwenye basi, picha ya marehemu ilikuwa tayari kwenye kundi la simu, na maua umeyaweka. Najua hukuwa na nia mbaya. Mimi pia sikuwa nayo. Ila kuwa wa kwanza kujua hakukupi ruhusa ya kuwa wa kwanza kusema. Ukipata habari nzito, jiulize inamhusu nani, yuko wapi, yuko na nani, amekula au hajala. Tafuta mtu wa kukaa karibu naye. Kisha nenda kwa miguu yako, umshike, ndipo useme. Simu iache mfukoni, haitakimbia.

Mungu akupe ulimi mtulivu na mikono yenye joto. Akupe majirani watakaokupa kiti kabla ya kukupa habari. Na habari yangu mimi, siku itakapokuja, maana itakuja, isikukute peke yako ukiwa umeinamia kioo cha simu. Ikufikie, mwanangu. Isikuangukie.