Mkwe Mwenye Buti Lililopangwa

Jumapili iliyopita nilimwonea wivu mwanamume mwenzangu kwa sababu ya buti la gari. Tulikuwa Ipililo kwa wakwe zetu. Yeye ameoa mdogo wa mke wangu, na siku hiyo walikuwa wametoka kupiga kambi Serengeti.

Akafungua buti taratibu, kama anafungua kabati la vyombo vya wageni. Hema lilikuwa limekunjwa kwenye mfuko wake, viti vimesimama pembeni, na kreti zimebandikwa karatasi: Jiko. Taa. Kamba.

Mama mkwe, aliyesimama mbali kidogo kama desturi inavyomtaka mbele ya wakwe zake wa kiume, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto anajua kupanga, jamani! Hata kabati langu halijafika hapo."

Mimi ni mkwe wa nyumba ile mwaka wa kumi na moja. Hajawahi kusifia hata viatu vyangu.

Wakati wa kuondoka mama mkwe akatoa gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na jogoo, akaonyesha kwa midomo gari la yule bwana. Bwana akakuna shingo. "Mama, nafasi hakuna kabisa. Tutavuruga mpangilio."

Moyo wangu ukashangilia. Nikakimbia kufungua buti langu, lenye jeki na ndala moja.

Mama akachungulia kutoka kulekule alikosimama, akamwambia mke wangu, "Basi wekeni humo. Huyu maskini hana cha kuvuruga."

Njia nzima hadi Bariadi jogoo aliwika nyuma yangu. Zawadi zote nimepata mimi, wasomaji wangu, na bado naulizia zinakouzwa zile kreti.